Siku Solanje Alinyamaza mu Mikro

Bunia, kartye Lumumba

Kwa Yaya Odeta, mukubwa wangu, ku Kindu

Yaya wangu mupenzi,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa ku ile kiti yako unakatazaka watu wote kuikalia. Magoti inakusumbua bado? Na ile dawa ya kupaka niliyokutumia, unaipaka kweli, ao uliigawa kwa majirani sawa kawaida yako? Kuku zako zinataga? Paa ya jikoni walimaliza kuitengeneza, ao mafundi wako bado wanakula tu chakula yako?

Siye hapa tuko. Tunakula, tunalala, mvua inanyesha kwa wakati wake, mwili iko na nguvu. Na jina yangu inatembea mu soko yote. Ngoja nikueleze.

Utasema: huyu mudogo wangu, simu iko, kwa nini anaharibu karatasi? Yaya, ku simu unanikataka. Nikianza tu kusema juu ya Solanje, unasema, "Ndiyo, nimesikia, na mvua je?" Karatasi hauwezi kuikata. Usome yote, usiruke hata mustari moja. Macho ikichoka, muke wa mutoto wako akusomee, na asome na sauti ya juu, majirani nao wasikie. Mama Pastere, mwenye kukuletea barua hii, anakuletea pia kifurushi ya samaki. Usimuachilie aifungue yeye.

Sasa sikiliza. Solanje wangu iko na kazi. Iko mufasiri wa filme.

Najua ku Kindu muko na nyumba za video, lakini hapa kwetu inafanyika hivi: watu wanakaa ku mbao, filme inapita ku ekra mu lugha ya Wachina ao ya Wahindi, na mutu mumoja anakamata mikro, anasema yote mu Kiswahili juu ya sauti ya filme. Akisema muzuri, watu wanacheka, wanalia, kesho wanarudi. Akisema mubaya, wanamupigia miluzi mupaka anatoka. Kazi ile mu Bunia ilikuwa ya wanaume tupu. Leo iko ya wanaume na ya mutoto niliyezaa miye.

Yote ilianzia ku meza yangu ya samaki. Siku moja alifika askari mumoja wa wale wenye kulinda amani, lakini yeye hakuwa na bunduki, alikuwa muganga wao. Uso yake sawa ya Muchina kabisa. Mama Furaha, unakumbuka nilikuambia juu yake, yule mwenye kuuza pilipili pembeni yangu na kuingilia maneno yangu yote, akaanza kuita, "Chine! Chine! Kuja huku, papa!"

Yule mutu akageuka, akasema na Kiswahili yake ya kuokota-okota, "Miye hapana Chine. Miye Inde."

Mama Furaha akamuangalia kutoka kichwa mupaka viatu. "Papa, Wahindi tunawajua, wanatuuzishaka mabati. Weye haufanane nao."

Kumbe Inde nayo iko na makabila mingi, sawa siye. Jina yake Tomba. Kwao ni Manipur, mbali sana upande wa mashariki, na yeye iko Mumeitei. Lugha yao iko yao wenyewe, hata Wahindi wa mabati hawaisikii.

Akakamata samaki yangu ya kukausha, ile kidogo kidogo ya ziwa, akainusa, akafunga macho. Miye nikajua anataka kusema inanuka, na jibu yangu ilikuwa tayari mu kinywa. Yaya, yule mwanaume alikuwa analia! Kwao wanatwangaka samaki ya namna ile pamoja na pilipili na viazi. Mama yake anauzaka samaki mu soko moja ya wamama tupu, mwanaume hana meza mule ndani. Tangu siku ile akawa kiliya wangu, wa kununua kwangu tu. Aliniita "Ima", maana yake mama mu lugha yao. Na Mama Furaha, mwenye kumuuzishia pilipili yote ile? Alimuita Mama Furaha tu. Mupaka leo inamuuma.

Wakati kazi yake iliisha, alikuja kuniaga. Akanipa flashi, kidogo sawa kidole. "Ima, filme ya kwetu. Soko ya mama yangu iko ndani. Angalia." Nikamufungia samaki ya kujaza mufuko. Sijui kama ndege ilikubali ile harufu.

Solanje akaikamata ile flashi, akaenda kuiangalia ku ordinatere, ile kompyuta ya rafiki yake. Filme ni ya mwanamuke mumoja, jina yake Memcha. Watu wanasema lugha yao, na chini kuko maandiko ya Kingereza. Na Solanje, unakumbuka, ile miaka tulikimbilia Uganda, yeye alileta Kingereza, wengine walileta mablanketi tu. Nilisemaka wakati ule, itafaa siku moja. Mulicheka.

Bahati mubaya, courant ya umeme ikakatika kabla filme haijafika hata nusu, na juma yote haikurudi. Lakini mutoto alikuwa amesha shikwa. Kesho yake akaenda kwa Papa Zakaria, mwenye nyumba ya video ya kartye yetu na jenereta yake, akamuomba mikro.

Ujue, mufasiri wa pale alikuwa kijana mumoja wanamuitaka Radi. Sauti iko nayo, sitamunyima. Lakini anasema uongo! Filme ya Chine anasema inapitika Kisangani. Filme haiangaliaka kwanza, anaikutia palepale mbele ya watu. Juma ile Radi alikuwa ameenda Komanda kwa matanga ya mujomba wake, na Siku ya Mungu ilikuwa inakuja bila mufasiri.

Papa Zakaria akamuambia Solanje, "Mwanamuke mu mikro? Na filme ya mwanamuke? Vijana wangu wanataka mateke."

"Papa, wamama hawajaingiaka humu hata siku moja. Nikiwaleta?"

"Siku ya Mungu moja, saa tisa ya mchana. Wakikupigia miluzi, unanirudishia mikro na unarudia ku samaki ya mama yako. Na usinikamate tena na maneno hii."

Kurudia ku samaki yangu! Samaki imemusomesha mupaka diplome, lakini mutoto namuelewa. Miaka tatu alikuwa anatembeza ile diplome kila biro ya kazi, wanamuambia ngoja. Akaanza kunyamaza-nyamaza mu nyumba. Weye unajua Solanje, tangu kidogo yake ni mutoto wa kusema. Solanje mwenye kunyamaza ni sawa nyumba yenye wamehama. Ile Siku ya Mungu nilijua kabisa: akikosa, hatajaribu tena kitu.

Basi nikasimama ku kati ya soko. Nilitangaza filme kwa wenye samaki, kwa wenye unga, kwa wenye vikwembe. "Mutoto yangu atafasiria lugha yenye hakuna mutu Bunia anaijua!" Mama Furaha akauliza, "Na yeye anaijua?" Nikamuambia auze pilipili yake.

Solanje akaniambia, "Mama, unaweza kuja. Lakini nakuomba kitu moja. Usiseme. Usisimame, usinionyeshe na kidole, usiseme 'ule ni wangu'. Neno moja tu ikitoka, watasema iko anabebwa na mama yake." Nikaapa. Miye, Yaya. Niliapa.

Siku ya Mungu tulitoka kanisani tukaenda moja kwa moja na vikwembe vya ibada. Wamama tulijaza mbao yote ya mbele. Vijana walibaki nyuma wanashangaa, sawa askofu ameingia mu baa. Mutoto yangu alikaa pembeni ya ekra, mikro mu mukono. Miye nilikamata ncha ya kikwembe na meno, kusudi kinywa ikae na kazi.

Akaanza. Yaya, kama ungesikia! Memcha anafuma vitambaa ku mashini ya miti, tak-tak, tak-tak. Bwana yake anaaga, anaenda kutafuta kazi mbali. Mama-mukwe anabaki anamuhesabia Memcha mpaka mboga. Solanje alimupa ule mama-mukwe sauti ya pua, ile sauti yenyewe ya mama mumoja wa kartye yetu, siandike jina, na mbao yote ikalia na kicheko. Vijana wa nyuma nao wakacheka. Niliachilia kikwembe kidogo.

Halafu simu ikalia mu filme. Mama-mukwe akaikamata, akaanguka magoti, akashika kichwa. Hakuna neno, hakuna maandiko chini. Solanje akasema mu mikro, "Anashukuru Mungu! Mutoto wake anarudi!"

Kila mutu akasadiki. Siye hapa, siku ya matokeo ya ekzameni, wamama hawaangukaka magoti vile vile?

Sasa ikapita picha ya watu mingi, wote wamevaa nyeupe. Wanaume wenye vilemba nyeupe wanapiga ngoma, wanaimba. Chakula iko inapangwa ku majani ya ndizi, na foto ya bwana wa Memcha iko mbele, wameizungusha maua. Wimbo tupu, hakuna maandiko. Solanje akapandisha sauti, "Karamu! Wanamupokea bwana! Maua, ngoma, chakula! Memcha, vaa muzuri, bwana wako iko mu njia!" Wamama wakapiga vigelegele mupaka mabati ilitetemeka.

Miye peke yangu sikupiga. Nilikuwa naangalia mikono ya Memcha. Alikuwa amekaa, na mikono yake imelala juu ya magoti, imefunguka, sawa kitu yenye mutu ameweka pale na kusahau. Yaya, mikono ile naijua. Nilikuwa nayo.

Nikataka kupandisha sauti, "Solanje, si karamu!" Ilifika mupaka ku meno. Nikakumbuka kiapo. Ningesema, namuua mbele ya watu. Ningenyamaza, angeendelea kumungojea mufu mupaka mwisho ya filme, na watu wangemucheka.

Basi nikashuka ku mbao. Nikakaa chini ku udongo, na kikwembe changu cha ibada. Nikanyoosha miguu. Nikafungua kitambaa ya kichwa, nikaifunga ku kiuno.

Sikusema neno. Lakini ni mwanamuke gani wa kwetu hajui maana ya kukaa vile, kukaa ya wafiwa? Mama Furaha akaniangalia, akaangalia ekra, akaangalia tena. Kigelegele ikamufia mu kinywa. Akashuka naye, akafungua kitambaa yake. Wa tatu akashuka. Kidogo tu, mbao yote ya mbele ilikuwa tupu na wamama wote tuko chini, miguu mbele, vichwa wazi.

Solanje akatuona. Nilimuona vile alituona. Sauti ikakatika ku kati ya neno.

Akamuambia mwenye mashini, "Rudisha nyuma. Mupaka ku simu."

Halafu mu mikro, wazi kabisa, "Wamama zangu, wandugu, nimekosa. Hii si karamu. Ni matanga. Bwana wa Memcha amekufa."

Haki nikuambie, nilitamani udongo inimeze. Na kumbe Radi alikuwa amerudi kutoka Komanda, amesimama ku mulango. Akapiga miluzi ya kwanza. "Ooo! Mufasiri amekosa! Toka! Kauze samaki!" Vijana wa nyuma wakamufuata, miluzi juu ya miluzi. Papa Zakaria akapita ku kati ya watu, mukono mbele, anadai mikro.

Solanje hakumupa. "Papa, unipe hii wimbo moja tu."

Akaweka mikro juu ya magoti yake. Na akanyamaza.

Wimbo ikapita tena kutoka mwanzo, ngoma na sauti za wale wanaume wa nyeupe, bila neno moja ya Kiswahili juu yake. Miluzi ilisikika mbili, tatu, halafu ikaona haya, ikaisha. Tulisikiliza. Lugha ile hakuna mutu aliielewa, na hakuna mutu alihitaji kufasiriwa. Mama mumoja wa unga akaanza kuitikia polepole na pua, sawa tunafanyaka ku matanga ya kwetu. Papa Zakaria alibaki amesimama pale ku kati, mukono yake ingali mbele, amesahau kuirudisha.

Wakati wimbo iliisha, Solanje akainua mikro, akasema kwa sauti ya chini, "Leo Memcha amekuwa mujane." Akaendelea.

Toka pale hakuna mutu alitoka. Ukoo ya bwana ikamufukuza Memcha, tukawatukana. Akabeba vitambaa vyake, akaenda ku ile soko ya wamama, akaomba nafasi ya kukaa, na bibi moja muzee akasogeza kitunga yake. Basi tu, akasogeza kitunga. Tulisimama wote! Na soko yenyewe, Yaya, muzuri! Wamama safu kwa safu, wamekaa juu ya majukwaa, wanabishana, wanacheka. Mama Furaha akalalamika, "Angalia ule wa pilipili, anapima na kidole ndani ya kopo!" Nikamujibu, "Umejiona." Kiapo ilikuwa imeisha muda, nafikiri.

Nje Radi akamuambia Solanje, "Miye miaka yote sijakosa hata siku moja."

Mama Furaha akamugeukia. "Ulikosaka kila siku, mutoto. Nani angejua? Weye mwenyewe haukujua."

 Papa Zakaria alisema tu: Siku ya Mungu, saa tisa, mikro ni ya Solanje. Filme ya Memcha imesha pita mara tatu, na wamama wanafika mbele ya wakati kusudi ya kukamata nafasi. Kufika ku ile wimbo, wanashuka wenyewe, wanakaa chini. Siku hizi vijana nao wanatoa kofia. Na nikipita mu soko sasa wananiita Ima. Wote. Mama Furaha pia, wakati anataka kitu.

Yaya, kama ungekuwa ku simu ungesha kata hapa. Lakini sasa nafika ku kitu yenye ilinifanya nitafute karatasi.

Kesho yake, asubuhi, tulikuwa tunachagua samaki siye wawili. Solanje akaniuliza, "Mama, ulijuaje?"

Nikamuambia juu ya baba yake. Weye unajua vile shemeji yako alikufa, lori ilipinduka mbele ya Komanda. Lakini hii hauijui, sikuambia mutu. Siku ile nilikuwa namungojea. Nilikuwa nimepika kuku na muchele, nimemuvalisha Solanje robe yake nyeupe ya batizo. Wafanyakazi wenzake wakaingia, nikajua yeye iko nyuma anashusha mizigo. Nikawapa sahani. Na walikula, Yaya. Wanaume wale walikula sahani yote, vichwa chini, sababu hakuna aliyeweza kusema. Halafu mukubwa wao akaweka kijiko. Kidogo tu watu wakajaza parseli yetu, nyumba na kiwanja, wakaanza nyimbo. Chakula ilikuwa tayari, watoto wakapewa. Solanje alikuja kuniuliza papa iko wapi, nikamuambia, "Nenda ukule, papa anakuja."

Mutoto yangu aliacha samaki, akaniangalia.

"Mama, ile siku naikumbukaka. Nyimbo, watu mingi, robe nyeupe, kuku. Miye nilikuwa nafurahi. Kufa ya papa niliijulia ku masomo, mutoto moja aliniita yatima. Lakini ile siku, mupaka leo, mu kichwa yangu ilikuwa karamu ya kumupokea."

Sasa unaona ile "bwana wako iko mu njia" ilitoka wapi. Haikutoka ku filme. Ilitoka mu kinywa yangu, miaka mingi, na hakuna mutu aliirudisha nyuma.

Unanijua, Yaya. Miye si mutu wa kusema nimekosa. Tangu tuko watoto, sahani ikivunjika ilikuwa ni paka. Lakini nilikuwa nimemuona binti yangu anasema mbele ya watu wote na miluzi, na hakukufa. Basi nikasema, pale pale juu ya meza, "Solanje, nimekosa. Ile haikuwa karamu. Ilikuwa matanga ya baba yako."

Akafungua kitambaa yake ya kichwa, akaifunga ku kiuno, akakaa chini, pembeni ya vitunga. Nikakaa naye. Kiliya akafika, akauliza bei ya samaki, na Mama Furaha, kwa mara ya kwanza tangu namujua, hakuuliza kitu. Aliuzisha tu pa nafasi yangu, bei ya chini kabisa, na sijamugombeza bado.

Tangu siku ile Solanje anasema mu nyumba toka asubuhi. Anasema mupaka kichwa inaniuma. Niko muzuri, Yaya. Niko muzuri sana.

Unisalimie muke wa mutoto wako, mwenye anasoma hii, namushukuru kwa sauti yake. Unisalimie wajukuu wote na mama mulezi wangu wa batizo, na unijulishe kama kikohozi yake imepungua. Na kaka yetu Gaspari, mwenye alisemaka Solanje anasema mingi sana hatafika pahali, umuambie bado anasema mingi, na sasa watu wanakaa ku mbao kumusikiliza. Umuambie na hii pia: akikosa, anasema amekosa. Hiyo aliijulia wapi, sijui. Si kwangu. Lakini ku Kindu yote unaweza kusema ni kwangu.

Samaki uitwange na pilipili na viazi, sawa wa Manipur. Funga mulango, majirani watauliza.

Miye mudogo wako mwenye kukupenda,

Filomena, Mama Solanje,
Ima wa soko ya Bunia